Jinsi ya kubomoa dhana potofu bila kujenga nyingine

Kazi yangu ni kuhakiki miswada ya historia na sayansi kabla haijachapishwa. Madai ya ajabu ajabu hayanisumbui, maana kila mtu huyatilia shaka. Yanayopenya ni yale ambayo mwandishi hakuyakagua kwa kuwa "yanajulikana". Nayashughulikia hivi.

Hatua ya 1: Ligeuze dai liwe sentensi inayopimika

"Ukuta Mkuu wa China unaonekana kutoka angani." Angani wapi? Hata kunguru yuko angani. Andika hivi: "Mtu aliyesimama Mwezini anauona Ukuta kwa macho matupu." Sasa una kitu cha kushika.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwanza

Mwezi uko wastani wa kilomita 384,000 kutoka duniani. Ukuta ni mrefu mno, lakini jicho linakwama kwenye upana, si urefu. Tuupe upana wa mita 6. Ukigawanya, unakuta ni sawa na kutafuta unywele mmoja ulioko zaidi ya kilomita 4 mbele yako. Dai limeanguka na hujafungua kitabu hata kimoja.

Hatua ya 3: Fuata dai hadi lilikozaliwa

Hapa ndipo penye utamu. Mwingereza William Stukeley aliandika mwaka 1754 kwamba huenda Ukuta huo ungeonekana kutoka Mwezini. Binadamu alikanyaga Mwezi 1969. Shahidi, basi, alitoa ushahidi miaka 215 kabla ya mtu yeyote kufika eneo la tukio! Naye Yang Liwei, mwanaanga wa kwanza kurushwa na China, aliporudi mwaka 2003 alisema hakuuona, ingawa alizunguka karibu na dunia kuliko Mwezi kwa mbali sana.

Hatua ya 4: Kagua vipimo

Napoleon anasemwa alikuwa mbilikimo wa futi 5 na inchi 2. Namba yenyewe haina kosa kubwa; kosa ni futi. Ilikuwa futi ya Kifaransa ya wakati ule, yenye takriban sentimita 32.5, wakati ya Kiingereza ina 30.5. Ukibadilisha ipasavyo unapata karibu sentimita 168, si 157. Wachoraji wa vibonzo wa Uingereza, James Gillray akiwa mstari wa mbele, walikwisha kumchora kama kitoto chenye hasira, na picha ikashinda rula.

Hatua ya 5: Kihakiki na kisahihisho chenyewe

Hatua hii niliiongeza baada ya kuumbuka. Nilipitisha makala iliyoeleza kwamba sifa ya spinachi kujaa madini ya chuma ilitokana na mkemia Mjerumani aliyekosea nukta ya desimali. Kisa kitamu, kinafundisha, na nilikipenda kupita kiasi. Mwaka 2010 mtafiti Mike Sutton alichapisha matokeo ya kukifuatilia: ushahidi wa hiyo nukta haukuonekana. Nilikuwa nimefukuza uzushi mmoja kwa kumkaribisha ndugu yake. Tangu hapo, kisahihisho kikinichekesha, nakirudisha hatua ya 3.

Hatua ya 6: Andika ukweli kwanza

Ukianza na uwongo, msomaji anayepitia haraka ataondoka nao. Uwongo utaje mara moja tu, katikati, kisha eleza ulivyoingia. Usimcheke aliyeuamini, akijiona mjinga atautetea hadi kesho.

Mfano wa aya iliyokamilika: "Napoleon alikuwa na urefu wa karibu sentimita 168, wa kawaida kwa Mfaransa wa zama zake. Sifa ya ufupi ilitokana na futi za Kifaransa kusomwa kama za Kiingereza, na vibonzo vya maadui zake vikaikoleza."