Kuotesha bogenvilia kwa vipande vya shina

Kwa anayeishi Moshi na kutaka bogenvilia ya rangi ileile aliyoiona kwenye uzio wa jirani, njia ya uhakika ni kuomba tawi. Kata mwezi Januari, wakati joto linaharakisha mizizi, ili miche iwe tayari kuhamishwa masika yatakapokolea. Vipande vinavyochomekwa Juni na Julai, baridi ya mlimani inaposhuka, huchelewa na vingi huoza.

Chagua tawi lenye unene wa penseli ambalo gome lake limeanza kugeuka kahawia, kwa kuwa ncha laini hunyauka upesi. Kwa mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti, kata kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye vifundo vitatu au vinne. Chini kata mshazari, karibu na kifundo, na juu kata bapa, usije ukakichomeka kichwa chini miguu juu. Ondoa majani ya chini pamoja na maua, au tuseme majani yenye rangi, maana ua lenyewe ni lile dogo jeupe lililo katikati.

Jaza mchanga wa mto na udongo, kiasi sawa, katika viriba kama vya miche ya kahawa, bila samadi mbichi. Kila kiriba kipate kipande kimoja tu: mizizi ya bogenvilia hukatika kwa kuguswa, na anayebananisha vipande kumi katika ndoo moja atavijeruhi siku ya kuvitenganisha. Weka viriba kivulini, chini ya migomba kwa mfano, na umwagilie pale tu udongo wa juu unapoanza kukauka.

Baada ya wiki chache macho yatachipua, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Machipukizi hayo hula akiba iliyomo ndani ya kijiti, hivyo yanaweza kutoka kabla hata mzizi mmoja haujaota. Usikivute kipande ili kukijaribu. Subiri, pengine wiki 8 hadi 12, mpaka mizizi ionekane kwenye matundu ya kiriba.

Siku ya kupanda, pasua kiriba kwa wembe na uushushe mche shimoni pamoja na bonge lake zima la udongo, mahali panapopata jua kutwa. Ukishashika, punguza maji, kwani bogenvilia inayonyweshwa mno huota majani ya kijani tu.