Mashine ipo kwa fundi, wewe nenda kasalimie wazee

Kama uko Mafia na mashine ya boti imelala kwa fundi Kilindoni usikae pwani kuhesabu siku, huo ndo muda wa kwenda kumuona mama. Ila usiondoke hovyo.

Kwanza fundi aifungue mbele yako, ukishajua kilichokufa ni impela (kile kipangaboi cha kusukuma maji ya kupooza mashine) au giaboksi ndo unajua unasubiri siku mbili au wiki mbili, maana spea nyingi zinaagizwa Dar. Piga picha namba ya mashine na kila kifaa kilichotolewa, andikianeni bei, acha advansi tu, hela yote usitoe mpaka uisikie ikiunguruma majini. Na spea ikiwa ya kufuata Dar beba kile kibovu kwenye begi, ukaoanishe dukani mwenyewe, picha ya simu inadanganya.

Boti usiiache imeelea. Ivute juu kupita alama ya maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko yote, toa kizibo cha chini mvua isije ikajaa ndani, tenki la petroli peleka nyumbani.

Safari yenyewe ya kwenda Dar ni boti hadi Nyamisati huko bara, halafu basi la Mbagala. Ulizia saa ya kuondoka jana yake, na kama ni kipindi cha kusi, ule upepo wa kusini unaochafua bahari, acha siku moja ya ziada.

Wavuvi wa dagaa, nendeni wakati wa mbalamwezi, taa hazivuti dagaa vizuri siku hizo, hasara inakuwa ndogo. Mimi sikuizi hata sevisi naipanga hivyo, na mama ashazoea kuniona mwezi ukijaa.