Acadia Oktoba: kata tiketi ya gari kabla ya kulipia hoteli

Kwa mlioko Portland na Lewiston mnaopanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Acadia, Maine, majani yakibadilika rangi: pwani huchelewa kuliko bara, hivyo lengeni katikati ya Oktoba.

Kinachowakwamisha wengi ni barabara ya kupanda Mlima Cadillac (mita 466). Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Oktoba, gari halipandi bila tiketi yake, na kiingilio cha hifadhi hulipwa kando. Getini haiuzwi, ni kwenye tovuti ya Recreation.gov tu. Asilimia 30 ya tiketi hutolewa siku 90 kabla, na asilimia 70 iliyobaki siku mbili kabla, saa 4:00 asubuhi. Za macheo huisha upesi sana, kwa hiyo fungua akaunti mapema na uwe umeshaingia dakika chache kabla. Ukishaipata, ihifadhi kwenye simu ukiwa bado na mtandao, maana hifadhini unakatika.

Umeikosa? Anayepanda kwa miguu au baiskeli haihitaji. Beba tochi na koti zito. Kileleni upepo ni mkali hata kama mjini Bar Harbor, chini ya mlima, kumetulia.

Mabasi ya bure ya Island Explorer huacha kufanya kazi katikati ya Oktoba, na hayapandi Cadillac.