Jinsi ya kujua kama gemu au kifurushi kinastahili hela yako kabla hujalipa

Watu wengi wakitaka kununua gemu wanaangalia kitu kimoja tu, bei, wakiona dola 70 wanasema huo ni wizi, afu haohao mwisho wa mwezi washatia laki na ushee kwenye koini za gemu ya bure na ukiwauliza zimeendaje hawajui. Bei peke yake haikwambii kitu. Jiulize hiyo hela itakupa masaa mangapi ya kufurahi kweli, na ukishamaliza unabaki na nini mkononi. Na hii ni kwa kila kitu, gemu, king'amuzi, muvi, hadi kiingilio cha kibanda umiza.

Tuanze na hesabu yenyewe, nenda kibanda cha PlayStation (PS) cha mtaani kwako uangalie. Tuseme mechi moja ni jero. Mechi ya dakika sita kila kipindi, ukijumlisha kuchagua timu, kupanga fomesheni, na yule jamaa ambae lazima aangalie riplei ya kila goli lake, inakula kama robo saa hivi. Kwahiyo saa moja ni mechi nne, buku mbili. (Sehemu nyingi anaefungwa ndo analipa, kwahiyo ukiwa mkali inashuka sana, ukiwa unajifunza ndo utailipa yote wewe.) Hiyo buku mbili kwa saa ishike, ndo kipimo chako, mana ndo hela ambayo ungetoa hata bila kumiliki kitu chochote.

Sasa chukua gemu mpya kubwa ya PS5. Zamani zilikua dola 60, kuanzia 2020 nyingi zikapanda mpaka 70. Piga kwa rate ya shilingi 2,500 kwa dola unapata 175,000, gawa kwa buku mbili, manake ucheze kama masaa 88 ndo uwe sawa na yule anaeenda kibandani, na hapo hatujaweka hela ya mashine wala umeme. Kwa mtu wa mpira anaecheza kila jioni na washkaji masaa 88 ni mchezo, anamaliza ndani ya miezi miwili mitatu na bado anaendelea kula. Ila kama ni gemu ya stori inayoisha masaa 20 tu utakua umelipa karibu 9,000 kwa saa. Kabla hujanunua ingia tovuti ya HowLongToBeat uandike jina la gemu, itakuonyesha watu wanaimaliza kwa masaa mangapi.

Lakini usiwe mtumwa wa hesabu hiyo, masaa hayalingani. Kuna gemu ya masaa nane utaiongelea mwaka mzima, na kuna ya masaa mia ambayo themanini unakimbia tu porini kuokota majani na mawe. Mimi nahesabu yale masaa ambayo nikiitwa kula nasema nakuja sahivi afu siji. Mengine hayo ni kupoteza muda, na muda nao ni hela.

Kuna kitu watu wanakisahau, CD inauzika. Ukinunua CD yusdi (iliyoshatumika) Kariakoo kwa 90,000, ukacheza ukamaliza, ukaiuza 65,000, umeicheza kwa 25,000. Ile uliyodaunlodi haiuziki, ikishaingia kwenye akaunti yako imeingia. Kwahiyo kabla hujakimbilia mashine isiyo na tundu la CD kwa sababu ni bei rahisi fikiria kwanza utanunua gemu ngapi kwa mwaka. Ukienda kununua yusdi itoe CD kwenye kava uiangalie kwenye mwanga kama ina michirizi, na uhakikishe ipo, mana kuna kava zingine ndani kuna karatasi yenye namba za kudaunlodia tu na hizo namba zikishatumika basi. Na bando pia weka kwenye bei, gemu kubwa sahivi kukuta GB 80 au 100 ni kawaida, afu kuna apdeti juu yake, kwa mtu anaetumia data ya simu hiyo ni hela ya gemu nyingine kabisa.

Halafu ujue ukilipia gemu ya kudaunlodi unapewa ruhusa ya kuitumia, hujaimiliki. The Crew ya Ubisoft ilitoka 2014, watu wakanunua kwa hela zao, tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na kwa sababu ilikua inataka intaneti muda wote hata wa kucheza mwenyewe akawa hawezi tena. Baadae jimbo la California likatunga sheria kwamba maduka yamwambie mteja ukweli, na Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, sahivi wanaandika pale pale unapolipa kwamba unanunua leseni. Kwahiyo swali la kuuliza kabla ya kulipa: hii gemu intaneti ikikata inacheza? Kama haichezi, shusha thamani yake kichwani mwako.

Sasa twende kwenye za bure, na hapa ndo naomba usome taratibu, mana ndo vijana wetu wanapoliwa. PES ilikua ya kununua, 2021 ikawa eFootball, bure. Free Fire bure, PUBG Mobile bure. Kuzicheza bila kutoa hata mia inawezekana kabisa na wapo wanaofanya hivo miaka. Shida inaanza kwenye koini na daimondi, zile hela za ndani ya gemu unazonunua kwa hela ya kweli. Kwanza hela yako inageuzwa kuwa kitu kingine ili usione unatumia kiasi gani. Pili vipakiti havilingani na bei ya vitu, tuseme skini (nguo au muonekano wa mchezaji wako) ni koini 900, vipakiti vipo vya 500 na 1,100, utanunua cha 1,100, zinabaki 200 ambazo hazinunui chochote, na zile 200 ndo zitakuita urudi wiki ijayo. Dawa yake ni kabla hujabonyeza geuza kila kitu kiwe shilingi, andika hata kwenye notisi za simu: hii jezi ni shilingi elfu kumi na nne. Ukiisoma hivo mara nyingi mkono unarudi wenyewe.

Na vile vibox vya kubahatisha, unalipa hujui utatoa mchezaji gani, achana navyo. Ubelgiji mwaka 2018 walisema hiyo ni kamari wakavikataa. Kwenye FC, ile gemu ya mpira iliyokua inaitwa FIFA, hata ukimpata huyo mchezaji, mwaka ujao toleo jipya likitoka timu yako ya Ultimate Team, ile unayoijenga kwa hao wachezaji, haihami, unaanza upya. Disemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza kesi Marekani, na 245 kati ya hizo zilikua za kurudishia watu waliolipishwa bila kukusudia sababu ya vitufe vilivyopangwa vibaya. Kama watu wazima wanabonyezeshwa, mtoto wako wa miaka saba je? Ingia Play Store, kwenye mipangilio, weka kila manunuzi yaombe paswedi, fanya leo kabla hujampa tena simu.

Upande wa mpira kwenye TV hesabu ni ileile ila igawe kwa nyumba nzima. Ukiwa geto peke yako, unaangalia mechi nane kwa mwezi na kibanda umiza ni buku, ni 8,000 tu, kifurushi cha 60,000 cha nini? Ila nyumbani ambapo mama ana tamthilia zake, watoto katuni, na mzee hakosi taarifa ya habari, hiyo 60,000 inatumika kutwa nzima na ni rahisi kuliko unavyodhani. Ligi ikiisha mwezi wa tano shusha kifurushi, usilipie uwanja uliofungwa.

Ukiamua kununua, usikurupuke. Steam wana punguzo kubwa kila majira, ingia SteamDB uangalie hiyo gemu ilishawahi kushuka mpaka bei gani, usubiri hapo. Kulipa tengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu yako, uweke kiasi cha gemu na makato yake basi. Akaunti za kushea zinazouzwa Telegram buku tano achana nazo, mwenyewe akibadili paswedi huna pa kwenda. Na kuna wale wanaotengeneza magemu madogo wenyewe, wengi wapo itch.io wanakwambia lipa unachoweza, hapo fanya kama unavyomtunza mwimbaji wa taarabu akikugusa, toa ya moyoni, hiyo haihitaji kikokotoo.

Usipoipenda, Steam wanarudisha hela kama hujapita siku 14 toka ununue na hujacheza zaidi ya masaa mawili, kwahiyo gemu mpya ijaribu siku umetulia, usiiache ikiwaka ukaenda dukani, mana dakika zinahesabiwa. Play Store omba ndani ya masaa 48. PlayStation ni siku 14 ila ukishaanza kuidaunlodi imekula kwako, hiyo amua kabla. Na zile za kujaribu bure mwezi mmoja, jisajili afu kata siku hiyohiyo, nyingi zitakuacha utumie mpaka mwezi uishe na kadi yako haitaguswa.