Namna ya kuandika kozi ya fizikia ili chuo kingine kiipokee

Mwanafunzi amesoma Mekanika na Umeme mwaka mzima, amefaulu, kisha amehamia chuo kingine na kuambiwa arudie zote mbili. Amepoteza mwaka na ada. Mara nyingi alichosoma kilitosha kabisa, ila aliyelipokea jalada lake hakukuta ndani kitu cha kumwezesha kuamua, na mwalimu asiye na uhakika hukataa.

Nimekaa upande wa kutuma majalada hayo na upande wa kuyapokea. Maelezo haya nawaandikia walimu wenzangu wa fizikia katika vyuo vya Tanzania, Kenya na Uganda. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya waliitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, jambo zuri sana, lakini uamuzi wa kila kozi bado unafanywa na mwalimu mmoja wa chuo kinachopokea, jioni, huku rundo la mitihani likimsubiri. Muhtasari wa kozi uandikwe kwa ajili yake.

Hatua ya 1: Taja saa, usiishie kwenye krediti

Hapa ndipo kozi nyingi zinapoanguka bila sababu. Tanzania huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi: mihadhara, praktiko, kujisomea na mitihani. Uganda huhesabu krediti moja kuwa saa 15 za darasani kwa muhula, na saa mbili za praktiko huhesabiwa kama saa moja. Vyuo vingi vya Kenya hulinganisha saa tatu za praktiko na saa moja ya muhadhara.

Chukua kozi ya Tanzania ya krediti 12, yaani saa 120: mihadhara saa 45, praktiko saa 30, kujisomea na mitihani saa 45. Ihesabu kwa utaratibu wa Uganda: 45, ongeza nusu ya 30, unapata saa 60, sawasawa na krediti 4. Kozi ni ile ile. Anayeona 12 kwenye transkripti na 4 kwenye kitabu chake cha kozi hawezi kulijua hilo usipomwandikia. Kwa hiyo juu kabisa ya muhtasari weka mstari mmoja wenye saa za mihadhara, za semina, za praktiko na za kujisomea, kila moja peke yake. Hesabu ya kugeuza ataifanya mwenyewe kwa dakika moja.

Hatua ya 2: Onyesha kiwango cha hisabati

Fizikia ya mwaka wa kwanza iko ya aina mbili. Moja hutumia kalkulasi, nayo ni ya wanaosomea fizikia, uhandisi na ualimu wa sayansi. Nyingine hutumia aljebra na trigonometria, na kwa kawaida hupewa watu wa baiolojia, kilimo au afya. Zote mbili zaweza kuitwa Mekanika, na mada zake zikiorodheshwa tu hufanana kabisa.

Tofauti hujitokeza kwenye malengo ya kozi, ukiyaandika vizuri. "Mwanafunzi aelewe mwendo wa mzunguko" hakumsaidii mtu. Andika hivi: "Mwanafunzi aweze kupata momenti ya inesha ya fimbo nyembamba kuzunguka katikati yake kwa integresheni, kisha atumie kanuni ya mihimili sambamba kuipata kwenye ncha." Mwalimu wa fizikia akisoma hivyo anaona ML²/12 (M ni masi ya fimbo, L urefu wake) ikigeuka ML²/3 kichwani mwake, na anajua mara moja mwanafunzi huyu ameshika kalkulasi kiasi gani. Malengo sita au saba ya namna hiyo yanatosha. Ambatisha na mtihani mmoja wa miaka iliyopita. Kwangu mimi, huo ndio ushahidi mzito kuliko yote.

Hatua ya 3: Ieleze maabara kama mtu aliyekuwepo

Maabara ndiyo inayotiliwa shaka zaidi, na kwa haki. Kila anayepokea anajiuliza: je, huyu alishika vifaa, au alimtazama mwalimu akionyesha? Orodha inayosema "1. Pendulamu 2. Daraja la Wheatstone 3. Lenzi" haimjibu. Isitoshe, pendulamu hiyo hiyo hufanywa shuleni.

Linganisha na maelezo haya: "Kupima g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, kwa pendulamu sahili. Urefu sita tofauti, kuanzia sm 40 hadi sm 140. Muda wa mibembeo 20 kwa stopwochi, mara tatu kwa kila urefu. Grafu ya T² (T ni muda wa mbembeo mmoja) dhidi ya urefu, na g kutokana na mwinamo wake. Mwanafunzi anakadiria kosa la kila kipimo, analifikisha kwenye g, kisha anaeleza kama jibu lake linakubaliana na 9.8 m/s² ndani ya kosa hilo." Sentensi ya mwisho ndiyo inayoipandisha pendulamu kutoka shuleni hadi chuo kikuu. Uchambuzi wa makosa usiuache nje hata kwenye jaribio moja.

Ongeza mambo matatu mafupi: wanafunzi wangapi wanatumia seti moja ya vifaa, kama kila mmoja anaandika ripoti yake, na praktiko ina uzito gani kwenye alama za mwisho. Kama majaribio mengine hufanywa kwa programu ya kompyuta kwa sababu vifaa havipo, litaje jaribio lenyewe waziwazi. Anayepokea akijua ni mawili kati ya kumi, anaweza kumwambia mwanafunzi afidie hayo mawili. Akihisi umemficha, ataikataa maabara yote.

Inapowezekana, ipe maabara namba yake ya kozi. Jimbo la Florida huko Marekani lina mfumo wa namba za pamoja za kozi: PHY 2048 ni mihadhara ya fizikia ya kalkulasi, PHY 2048L ni maabara yake. Mwanafunzi mwenye upungufu wa upande mmoja hapotezi na wa pili.

Hatua ya 4: Onyesha mada zilipo

Weka jedwali la wiki kwa wiki. Chuo kimoja hufundisha mawimbi ndani ya Mekanika, kingine huyaweka pamoja na optiki. Thamodainamiki nayo huhamahama. Kama kozi zako mbili kwa pamoja zinalingana na mbili za wenzako, sema zipokewe kwa jozi.

Hatua ya 5: Tuma alama, herufi peke yake zinapotosha

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa B kwa alama 50 hadi 59. Makerere, B ni 70 hadi 74. Mwanafunzi wa Kampala mwenye 72 akipeleka herufi tu Dar es Salaam, atasomwa kama mtu wa hamsini na kitu. Kumbe kwa Dar alama 72 ni A. Transkripti ibebe asilimia na ufunguo wa madaraja nyuma yake.

Hatua ya 6: Kubalianeni mapema

Chagua chuo ambacho wanafunzi wako huhamia zaidi. Hakikisha kwanza programu zenu zote mbili zina ithibati ya tume au baraza la nchi husika, maana bila hiyo mengine yote hayana kazi. Kisha mtafute mkuu wa idara mwenzako, mweke mihtasari kando kwa kando, kozi moja moja. Anzeni na Mekanika. Mkikubaliana, andikeni ukurasa mmoja unaosema kozi ipi ni sawa na ipi, upite kwenye seneti za pande zote mbili, nao uwekwe tarehe ya kupitiwa upya.

Hatua ya 7: Tunza kila toleo la muhtasari

Aliyesoma mwaka 2021 apewe muhtasari wa 2021, wenye sahihi na mhuri wa idara, hata kama kozi imebadilishwa mara mbili tangu hapo. Weka faili moja kwa kila mwaka wa masomo, nakala ya karatasi na ya kompyuta, ofisini kwa idara na si kwenye kompyuta ya mwalimu mmoja. Mwalimu huhama au hustaafu, na mwanafunzi anaweza kuja kuuliza miaka sita baadaye.