Huo uchafu umekuja na kopo: namna ya kukagua dawa ya "kusafisha utumbo" kabla hujatuma hela

Mwaka jana shangazi yangu alinitumia picha WhatsApp saa kumi na mbili asubuhi, hata mswaki sijapiga, nafungua nakuta kitu kirefu cheusi kama kamba ya mpira kimelazwa juu ya tishu. Chini kaandika, "Ona mwanangu, hivi ndo vilikuwa tumboni kwangu miaka yote." Kumbe alikuwa na siku ya tano anakunywa poda ya kusafisha utumbo aliyoiona Instagram, elfu themanini na tano, boda kamletea mpaka mlangoni, na juu yake kapewa ofa ya zile plasta za kubandika kwenye nyayo usiku eti zinavuta sumu.

Nikampigia. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, umeiona?" Nikamwambia nimeiona, ila naomba usiitumie tena kwanza, na hilo kopo usilitupe, nakuja Jumamosi.

Tulichofanya Jumamosi jikoni kwake ndo nakuandikia hapa, na we unaweza kukifanya kwako, hauhitaji maabara.

Anza na maandishi madogo nyuma. Mbele hapana, mbele kuna jani na tumbo la mwanamke, hapo hakuna habari. Nyuma tafuta maneno mawili, Psyllium (saa nyingine wanaandika Plantago ovata) na Bentonite. Psyllium ni maganda ya mbegu, ndo isabgol ileile inayouzwa maduka ya Wahindi miaka nenda rudi. Bentonite ni udongo wa mfinyanzi laini. Kopo la shangazi lilikuwa na vyote viwili. Sasa chukua glasi, weka maji nusu, tia kijiko kimoja cha hiyo poda, koroga, halafu kaa upige stori kama dakika kumi. Sisi tulivyorudi kijiko kilikuwa kimesimama. Maji yamekuwa jeli nzito, ukiivuta inavutika, shangazi akaigeuza geuza na uma kimya kabisa. Hicho kitu kikipita kwenye utumbo kinabanwa kinachukua umbo la utumbo wenyewe, kinakolea rangi ya nyongo na kinyesi, kinatoka kamba. Ndo ile kamba ya kwenye picha. Haikuwa ndani miaka yote, ilikuwa ndani ya kopo.

Wauzaji wanaiita "mucoid plaque" au kwa Kiswahili chao "utando wa uchafu", jina alilolibuni mtaalamu wa tiba mbadala wa Marekani anaitwa Richard Anderson ambaye naye alikuwa na bidhaa zake za kusafisha, unaona mchezo. Madaktari wanaoingiza kamera kwenye utumbo mpana wanaona kuta za utumbo kila siku, nyekundu nyekundu za waridi zinang'aa, huo utando hawaukuti. Na ngozi ya ndani ya utumbo inajibadilisha yenyewe kila baada ya siku chache tu, kwa hiyo hata ungetaka kitu kigande pale miaka kumi hakina pa kugandia.

Hizo plasta za miguuni ni rahisi zaidi. Chemsha birika, shika plasta mpya juu ya mvuke, usiiguse na mguu wa mtu yeyote. Ya shangazi ilianza kuwa kahawia palepale, baada ya muda nyeusi kabisa kama aliyokuwa anaamka nayo asubuhi. Nyingi zina unga wa siki ya mti, ukipata unyevu unabadilika rangi, na mguu uliofungwa plasta usiku kucha lazima utoe jasho. Marekani mamlaka ya biashara, FTC, iliwashtaki waliokuwa wanauza plasta za Kinoki mwaka 2009 kwa madai hayahaya ya kuvuta sumu. Na yale mabeseni ya umeme ya kuoshea miguu maji yanageuka rangi ya kutu, mwambie mwenye beseni aliwashe bila mguu ndani uone, vyuma vyenyewe vinaoza kwenye maji ya chumvi. Akikataa kuliwasha bila mguu, vaa viatu vyako uondoke.

Kuna na ile ya "kutoa mawe kwenye nyongo" inayozunguka kwenye magrupu, mafuta ya zeituni, ndimu na chumvi ya haluli, asubuhi unatoa vijiwe vya kijani. Mwaka 2005 jarida la The Lancet lilichapisha kisa cha mama mmoja aliyepeleka vijiwe vyake hospitali, wakavichunguza, vikayeyuka kwenye joto la nyuzi 40 hivi, havikuwa na kolesto wala madini ya vijiwe vya nyongo vya kweli. Ilikuwa sabuni. Yaani mafuta na ndimu vilikutana tumboni vikatengeneza sabuni. Kwa hiyo ukiona kijani kinaelea usishangilie.

Unaona hivi vitu vyote mchezo ni mmoja, bidhaa inakuonyesha uchafu ambao imeutengeneza yenyewe, na sisi tunaamini macho. Ndo maana swali la kwanza kujiuliza si "imetoka nini?" ni "hiki kingetoka hata bila mimi?"

Chai sasa. Chai za detoksi (eti za kutoa sumu mwilini) na flati tami (za kupunguza tumbo) hazitoi kamba, zinakuendesha tu. Angalia maelekezo, zikisema kunywa usiku kabla ya kulala, asubuhi utapata matokeo, hapo karibu umeshajua ni sanamaki, lile jani la kuharisha, maana inachukua kama saa 6 mpaka 12 kufanya kazi. Kwenye pakiti haiandikwi sanamaki, utakuta Senna, Cassia angustifolia, Folium Sennae, au zile za Kichina Fan Xie Ye. Ni sanamaki ileile bibi alikuwa anatununulia tukifunga choo, na kwa siku mbili tatu ni dawa halali kabisa, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mtu kuinywa kila siku miezi mitatu. Utapoteza maji na potasiamu, tumbo linasokota, na kuta za utumbo mpana zinaweza kubadilika rangi zikawa nyeusi nyeusi kwa ajili ya hizo dawa zenyewe. Na kilo tatu ulizopungua ndani ya siku tatu ni maji na choo, lita moja ya maji ni kilo moja, kunywa maji kula ugali zinarudi zote.

Chai ambayo haina kitu cha maana nyuma lakini inakata hamu ya kula na moyo unadunda, hiyo iogope kuliko zote. Bidhaa kama hizo zimekutwa mara nyingi na sibutramini iliyofichwa ndani, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Haitaandikwa kwenye pakiti, ndo maana inaitwa kufichwa.

Baada ya hapo mfuate muuzaji inboksi. Usimtukane, muulize tu kistaarabu: sumu inayotolewa inaitwaje? Jina. Inapimwaje, kabla na baada, kwa kipimo gani cha hospitali? Na mimi nitajuaje kwamba haijafanya kazi? Hili la mwisho huwa linawakwamisha, kwa sababu ukijisikia vizuri dawa imefanya kazi, ukiumwa kichwa na kutapika "sumu zinatoka, ongeza dozi", sasa dawa ambayo haiwezi kushindwa hiyo imepimwa wapi? Huko Uingereza 2009 kikundi cha wanasayansi vijana kiliwauliza watengenezaji wa bidhaa 15 za detoksi maana ya hilo neno, hakuna wawili waliotoa maana moja, na hakuna aliyeleta ushahidi wa kueleweka. Sumu za kweli zipo, madini ya risasi kwenye rangi, pombe yenye methanoli, viuatilifu vya shambani, ila hizo zina majina na zina vipimo na ukizinywa unakimbizwa hospitali, huletewi kopo na boda.

Atakutumia vyeti. Soma vizuri. BRELA ni usajili wa jina la biashara au kampuni. TIN ni kodi. Hata genge la nyanya linaweza kuwa na vyote viwili. Dawa Tanzania inasajiliwa TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, tiba asili iko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu. Omba namba ya usajili ya bidhaa yenyewe halafu uliza mamlaka, usimuulize yeye. Na akikwambia haina madhara kwa sababu ni asili, mkumbushe muhogo mchungu nao ni wa asili.

Kuna watu hata hayo majaribio ya glasi wasihangaike nayo, hizo bidhaa waziache tu. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wazee, mwenye figo au moyo au kisukari. Na yeyote mwenye dawa za kila siku, hapa naomba unisikilize, ukiharisha sana vidonge vinapita bila kufyonzwa, wa vidonge vya uzazi wa mpango anaweza kushika mimba, wa ARV na wa presha hivyohivyo dawa haifiki inakotakiwa. Mkaa wa vidonge unaouzwa kama detoksi nao unanasa dawa tumboni pamoja na hiyo "sumu". Shangazi ana presha, anakunywa ya kupunguza maji mwilini, ambayo nyingi zinapunguza potasiamu, na ile poda ilikuwa na sanamaki pia, kizunguzungu alichokuwa nacho wiki nzima yule muuzaji alimwambia ni sumu. Tulienda zahanati Jumatatu na kopo mkononi. Lichukue kopo kila ukienda, dokta hawezi kukisia.

Kusafisha kwenyewe ini na figo wanafanya bure, figo zinachuja kama lita 180 kwa siku halafu unakojoa lita moja na nusu au mbili, nyingine zote zinarudishwa. Kama shida yako ni kufunga choo tu, WHO wanataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, kikombe cha maharage yaliyoiva kina zaidi ya gramu 10, ongeza matembele, papai, dona badala ya sembe, maji, na tembea. Isabgol peke yake na maji mengi pia inasaidia kweli, na bei yake ukiilinganisha na elfu themanini na tano utacheka au utalia. Ila choo chenye damu, choo cheusi kama lami, kupungua mwili bila sababu, macho ya njano, au choo kubadilika ghafla na umri umeenda, hapo ni hospitali. Minyoo pia inapimwa kwa choo kwenye kikopo, si kwa picha.

Na kama umeshakunywa na unaharisha, acha, chukua ORS uichanganye na maji safi kama pakiti inavyoelekeza, ukiishiwa nguvu au mkojo ukikata nenda hospitali.

Shangazi alisikiliza yote, akafunika kopo, akanywa chai yake. Halafu akauliza, "Sasa hizi plasta zilizobaki nimpe nani?" Nikamwambia usimpe mtu shangazi. Ziko mpaka leo droo ya jikoni, wageni wakija anachemsha birika anawaonyesha.