Una bastola kiunoni na risasi zinalia: hatua za raia mwenye silaha

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye leseni ya silaha, anayeibeba kihalali, na aliyeizoea kwenye uwanja wa shabaha. Kama hujafikia hapo, sehemu za kuondoka, kujikinga na kuzuia damu bado zinakuhusu, nyingine ziruke. Nafundisha watu wa aina hii, na kila darasa naanza na jambo moja: risasi zikianza kulia, hakuna anayejua wewe ni nani. Polisi hawakujui. Raia mwingine mwenye bastola hakujui. Na wewe humjui yule unayemwona kashika bunduki.

Hatua ya 1: Amua ukiwa bado umetulia

Unabeba silaha kwa ajili ya nani? Jibu lipatikane nyumbani, maana ukiwa umeshika mkono wa mtoto huna nafasi ya kulitafuta. Wanafunzi wangu wengi, tukilichambua vizuri, wanakiri kwamba ni kwa ajili ya nafsi yao na waliofuatana nao. Hilo ni jibu la heshima kabisa.

Bastola ikae kwenye holsta, yaani mfuko wake wa kiunoni, inayofunika triga (kifyatulio) yote, na ikae mahali pale pale mwilini kila siku. Beba pia mkanda wa kubana damu, ule wenye kijiti cha kuzungusha. Ukinywa pombe, silaha inabaki nyumbani kwenye sanduku lake. Hapo sina mjadala.

Hatua ya 2: Ondoka, silaha ikiwa bado kwenye holsta

Ndani ya jengo mlio wa risasi hudanganya: kuta huurudisha, nawe ukadhani unatoka kushoto kumbe uko kulia. Usiukimbilie. Kama kuna njia ya kutoka, watoe watu wako kwanza, na ondokeni mikono mitupu. Anayekimbia na bastola mkononi katikati ya umati huonekana kama mshambuliaji.

FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, walipochunguza mashambulizi 160 ya bunduki nchini humo ya mwaka 2000 hadi 2013, muda ulijulikana katika 63. Kati ya hayo, 44 yaliisha ndani ya dakika 5, na 23 kati yake hayakuzidi dakika 2. Baadhi ya watu huzisoma takwimu hizo wakasema, basi nisipomfuata mimi mshambuliaji, polisi hawatawahi. Mimi nazisoma pia kwa upande wa pili: ukizunguka jengo zima kumsaka, huenda ukafika wakati yameshaisha, na wenye silaha utakaokutana nao kwenye kona ni askari. Kusaka si kazi yako. Unapambana pale tu yeye anapokuwa mbele yako, au anapokuzibia njia, au anapoua watu unaowaona na uwezo wa kumzuia unao.

Hatua ya 3: Tafuta kinga

Pazia, meza ya mbao nyepesi na ukuta wa jasi vitakuficha machoni tu, risasi inapita. Nguzo ya zege, ukuta mnene na upande wa injini ya gari ndivyo vinavyoweza kuizuia.

Hatua ya 4: Hakikisha ni nani

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu zaidi darasani.

Tarehe 8 Januari 2011, huko Tucson, Arizona, mtu alishambulia mkutano wa mbunge Gabrielle Giffords. Raia mmoja mwenye bastola alitoka mbio kwenye duka la jirani, akamkuta mwanamume kashika silaha. Angeweza kumpiga. Badala yake alimrukia na kumshika mkono, watu wakampigia kelele kwamba siye. Yule mwanamume alikuwa miongoni mwa waliomwangusha mshambuliaji, na silaha aliyoshika ndiyo waliyomnyang'anya.

Sasa tazama Las Vegas, Juni 2014. Raia mwenye bastola alimfuata mwanamume mwenye silaha ndani ya duka kubwa. Aliyemfuata kweli alikuwa mshambuliaji, ila raia huyo hakujua kwamba mwanamke aliyekuwa nyuma yake ni mwenzake mshambuliaji. Mwanamke huyo akampiga raia risasi, raia akafa pale pale.

Kwa hiyo jiulize mambo mawili. Nimemwona kwa macho yangu akiwapiga watu, au namwona tu ana silaha? Na nani yuko nyuma yangu na pembeni? Tazama mikono kuliko nyuso. Jibu la swali la kwanza lisipokuwa "nimemwona", kidole kisiguse triga.

Hatua ya 5: Ukilazimika kufyatua

Kila risasi inayotoka ni yako mpaka pale inaposimama. Mwaka 2012, katika jengo la maduka la Clackamas, Oregon, kijana mmoja alitoa bastola akamlenga mshambuliaji, kisha hakufyatua. Alieleza baadaye kwamba aliona mtu akipita nyuma ya shabaha yake. Huyo mimi simwiti mwoga.

Wengi hunitajia Greenwood, Indiana, Julai 2022, ambapo kijana wa miaka 22 alifyatua risasi 10, nane zikampata mshambuliaji, kutoka umbali wa takribani mita 36. Ni kweli. Lakini wanasahau kwamba aliwaashiria watu wapite nyuma yake. Na mita 36 zake si zako. Jua umbali ambao wewe, moyo ukidunda na mikono ikitetemeka, bado unapiga karatasi ya shabaha bila kukosa. Ukizidi hapo, sogea au acha.

Lengo ni kumzuia. Akidondosha silaha, akianguka asiweze tena, au akikimbia bila kumtishia mtu, acha kufyatua. Sheria hutofautiana nchi na nchi, ila utetezi wa kulinda uhai kwa kawaida hukoma pale hatari inapokoma.

Hatua ya 6: Sekunde zinazofuata

Juni 2021, huko Arvada, Colorado, mshambuliaji alimwua askari polisi. Raia mmoja alimpiga na kumwangusha. Kisha akaiokota bunduki ya mshambuliaji. Polisi aliyefika alimwona nayo mkononi, akampiga risasi. Aliyeokoa watu akafa kwa kushika kitu ambacho hakikuwa chake.

Hata wenye sare hupigana risasi kwa kutotambuana. Magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, raia wenye leseni waliingia pamoja na askari wasiovaa sare, wakatoa watu. Baadaye kamanda wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi.

Basi fanya hivi. Baki nyuma ya kinga. Usimsogelee aliyeanguka wala usiguse silaha yake; waambie wengine nao wasiiguse. Geuza kichwa, tazama pande zote, maana anaweza kuwepo wa pili. Ukiona hatari imekwisha, toa kidole kwenye triga, inua shati kwa mkono mwingine, tazama holsta kwa macho, na urudishe bastola polepole. Upindo wa shati ukiingia kwenye triga unatosha kukupiga paja.

Hatua ya 7: Simu na damu

Piga simu mwenyewe, au mwagize mtu mmoja kwa kumnyooshea kidole. Maneno yawe machache: "Mtu amefyatua risasi, ghorofa ya chini, mlango wa maegesho. Ameanguka. Mimi ni raia, ndiye niliyempiga. Nina shati jeupe, suruali nyeusi. Bastola yangu iko kiunoni, mikono mitupu." Maelezo ya nguo ndiyo yatakayokutofautisha.

Kisha majeruhi. Kwa mkono au mguu unaomwaga damu, funga mkanda sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha, upande ulio karibu na kiwiliwili, usiwe kwenye kiwiko wala goti, zungusha kijiti mpaka damu ikome. Atalia kwa maumivu, usilegeze. Andika saa. Kwa kinena na kwapa, jaza kitambaa ndani ya jeraha na ukandamize kwa nguvu.

Hatua ya 8: Polisi wakifika

Mikono juu, vidole wazi. Kama bastola bado iko mkononi wanapokuamuru, iachie idondoke. Usigeuke nayo kuwatazama. Utalazwa chini, utafungwa pingu, huenda ukatukanwa. Tii. Kikosi cha kwanza kinaweza pia kuwaruka majeruhi, kwa sababu kinatafuta hatari kwanza.

Mambo yakitulia, jitambulishe, waonyeshe mashahidi na mahali silaha zilipo, sema uko tayari kushirikiana ukiwa na wakili. Bastola itachukuliwa kama ushahidi, pengine kwa miezi mingi. Na usitume sauti wala video kwenye makundi ya WhatsApp usiku huo, hata kwa ndugu wa damu: utakachosema ukiwa bado unatetemeka kitasikilizwa mahakamani.